Mguu wa Nyumbani, Mguu wa Kazini

Kwa beleshi! Jamani, kwa beleshi, kichwani, mbele ya padri, na padri mwenyewe bado ana kipande cha nyama mdomoni!

Ngojeni nipumue kwanza. Nimeanzia mkiani.

Najua jana niliwaacha pabaya. Mhariri ananiambia mmoja wenu amepiga simu gazetini kuniita muuaji. Sikatai. Ila aliyekosa la jana asipotee, ngoja nimrudishe mbio mbio, halafu tulifikie hilo beleshi.

Mimi ni Dulce Cuautle, miaka ishirini na tatu, nimesomea usalama kazini hapa hapa Puebla, cheti changu mama amekitundika sebuleni juu ya televisheni. Kazi yangu kwenye lile jengo la ghorofa kumi na nne ilikuwa moja tu: mtu akiumia, naandika. Mafundi waliniita Injinia Kalamu.

Getini kuna ubao mkubwa: SIKU BILA AJALI. Makao makuu waliahidi kwamba ubao ukifika Sikukuu ya Msalaba, tarehe tatu Mei, bila kurudi sifuri, mafundi watafanyiwa sherehe ambayo Puebla nzima haijawahi kuiona. Nguruwe watatu, bendi, fataki. Na kwa fundi wa kwetu, Sikukuu ya Msalaba ndiyo Krismasi yake: siku hiyo hupandisha msalaba juu ya jengo analolijenga.

Basi watu wakaanza kuficha vidonda vyao wenyewe. Nasema kweli! Fundi anakanyaga msumari, anavua buti, anamwaga damu, analivaa tena. Aliyeshindwa kuficha alikuja kwangu nikamwandikia "ameumia nyumbani." Niliwaandika sita. Sahihi yangu, mara sita.

Halafu tarehe thelathini Aprili, saa tisa kasoro alasiri, Fermín Coyotl, fundi nondo, akaanguka kutoka ghorofa ya tano mpaka ya tatu. Hakuwa na mkanda wa usalama. Mikanda yote mipya Rutilio, mtunza stoo, alikuwa ameifungia isichafuke kabla wageni wa makao makuu hawajaja kupigwa nayo picha. Fermín aliangukia nondo iliyosimama. Ikaingia pajani, ikatokea upande wa pili.

Bosi wetu, Injinia Baltazar Ocaranza, hakuita gari la wagonjwa. Aliita pikapu. Waliikata ile nondo na nusu yake ikiwa ndani ya mtu, wakampeleka mpaka kwake, wakamlaza chini ya ukuta wa nyumba yake mwenyewe, ndipo wakapiga simu hospitali. Na mimi nikaandika: "Ameanguka kutoka juu ya paa lake akitengeneza tangi la maji."

Hapo ndipo nilipoishia. Sasa ya leo.

Tarehe tatu, saa saba mchana. Ubao unasoma 214. Msalaba mafundi wameshaupandisha tangu alfajiri, uko ghorofa ya kumi na nne na maua na makaratasi yake ya rangi yanapepea. Nguruwe wa kwanza anakaangwa kwenye karai la shaba linalotosha kuogea mtu. Bendi inajaribu tarumbeta.

Nikasikia, "Injinia Kalamu yuko wapi?"

Alikuwa Obdulia, mke wa Fermín. Anauza tamale, maandazi ya mahindi ya mvuke yenye nyama ndani, getini kwetu kila siku, kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, sufuria mbele, yeye nyuma. Siku zote ananiita binti yangu na kunichagulia tamale yenye nyama nyingi.

Siku hiyo hakuniita binti.

"Umeandika nini?"

"Mama Obdulia, pole sana, nilikuwa nataka kuja—"

"Nimekuuliza umeandika nini."

"Kwamba... alikuwa juu ya paa. Tangi."

"Tangi lipi?"

"La maji."

"Dulce, paa langu ni mabati. Paka akipita linabonyea. Tangi litakaa wapi? Mimi nina pipa, na pipa liko chini, karibu na kuku!"

Kofi alilonipiga, kofia yangu ngumu iliruka mpaka kwa mpiga ngoma. Mpiga ngoma akacheka. Obdulia akamgeukia, naye akaacha kucheka.

"Mguu umeoza," akaniambia. Sasa alikuwa anaongea polepole, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kofi. "Wanaukata leo jioni. Unajua karani wa bima ameniambia nini? Kuna mguu wa nyumbani na kuna mguu wa kazini. Ukikatwa mguu wa kazini, bima inakulisha mpaka unakufa. Ukikatwa mguu wa nyumbani, wanakupa magongo na kukutakia siku njema."

"Mama..."

"Fomu ya ajali ya kazini inatakiwa ndani ya siku tatu, na iwe na sahihi ya bosi. Siku moja imeliwa na Mei Mosi. Dirisha linafungwa leo saa tisa. Saa tisa, Dulce! Nina watoto watatu na mume mwenye mguu mmoja. Kaandike upya."

Nikaenda ofisini kwa Injinia Ocaranza. Nilikwenda nikijiambia mimi ni msomi, nitaongea kisomi.

Alikuwa anajipulizia manukato.

"Injinia, naomba tubadilishe taarifa ya Fermín. Muda bado upo."

"Tubadilishe? Nani na nani?"

"Ni ajali ya kazini, injinia. Mguu unakatwa."

"Wageni wa makao makuu wanaingia getini saa hizi. Ubao unasoma ngapi?"

"Mia mbili kumi na nne."

"Umeona ulivyo mzuri?" Akafungua droo ya meza. "Njoo uone kitu. Hizi ni taarifa zako. Moja, mbili, tatu... sita. Ya Fermín saba. Sahihi ya nani hii?"

Nikainama kuangalia. Mpumbavu mimi, nikaweka na mkono.

Akaipiga droo teke.

Nilisikia vidole vikilia kabla sijasikia maumivu. Droo ya chuma, jamani. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Akaiegemea kwa goti, akanisogelea sikioni akinukia maua.

"Nikienda jela mimi, wewe utanipikia huko. Tumeelewana?"

"Ndiyo."

"Mkono umefanya nini?"

"Nimejibana."

"Wapi?"

Machozi yananitoka, pua inanitoka. "Nyumbani," nikasema.

"Msichana mwerevu," akasema, akaniachia.

Nikatoka pale nikajificha nyuma ya mifuko ya saruji. Huko ndiko alikonikuta Don Eleuterio Xicale.

Don Eleuterio ndiye fundi mkuu. Miaka arobaini kwenye majukwaa ya ujenzi, na msalaba huutengeneza yeye kila mwaka kwa mikono yake. Mafundi wanamsikiliza yeye kwanza, halafu bosi, halafu Mungu. Akautazama mkono wangu.

"Nani?"

"Nimejibana, Don Eleuterio."

"Nyumbani?"

Hapo nikalia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Panda na mimi," akasema.

"Ghorofa kumi na nne? Na mkono huu?"

"Huendi kwa mikono, injinia. Panda."

Tukapanda. Kule juu upepo ulikuwa unavuta makaratasi ya msalaba, na ule mlima wetu wa volkano, Don Goyo, unatoa moshi wake kama kawaida. Hospitali inaonekana pale pale, mitaa minne tu, madirisha yake yote yanatutazama.

Don Eleuterio akanizungusha nyuma ya msalaba, upande ambao mtu aliye chini hawezi kuuona.

Ulikuwa umejaa maandishi. Penseli ya seremala, herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la tatu.

*Chano, kidole, 9 Oktoba. Ponciano, mbavu, 2 Novemba. Chano tena, jicho.* Na kuendelea mpaka chini. *Fermín, ghorofa ya tano, hana mkanda, paja, 30 Aprili, saa tisa kasoro.*

Nikahesabu kumi na tisa. Kumi na tisa! Mimi nilikuwa najiona ndiye mwongo mkubwa wa pale na watu wangu saba. Kumbe kumi na wawili walinidanganya hata mimi!

"Kwa nini, Don Eleuterio?"

"Padri akiubariki msalaba, na wao wabarikiwe. Hawajaandikwa kokote kwingine. Wewe ndiye uliyetakiwa kuwaandika."

"Na wewe uliona. Ulinyamaza."

"Nilimshika miguu," akasema. "Fermín. Wakati wanampakia kwenye pikapu. Mimi ndiye niliyemshika miguu. Alikuwa ananiambia, fundi, usiwaambie, sherehe itaharibika."

Akatoa penseli nyuma ya sikio. Akapiga magoti mahali palipobaki nafasi, akaandika: *Dulce, vidole vitatu, 3 Mei.*

"Wa ishirini," akasema.

Nikatoa simu, nikapiga picha. Moja, mbili, tano. Nikageuka, na kwenye ngazi amesimama Rutilio, mtunza stoo, na shati lake jekundu la sikukuu, amebeba fungu la fataki.

"Mnapiga picha nini?" akauliza.

Akayaona maandishi. Midomo ikawa inasoma. Alipofika kwenye neno mkanda, akatupa fataki chini, akashuka ngazi tatu tatu.

"Twende," akasema Don Eleuterio. "Mimi nitaulinda msalaba. Wewe utaandika."

Njiani nikaijaza fomu ya Fermín juu ya daftari la ajali. Tulipofika chini padri amekaa meza kuu, ameshaanza kula. Wageni wawili wa makao makuu wanajipiga picha na ubao, wamevaa mikanda yetu mipya, mmoja ameuvaa wake kinyume. Rutilio anamnong'oneza Injinia Ocaranza. Ocaranza anatabasamu kwa wageni, huku anaongea kwa pembe ya mdomo.

Rutilio akaingia stoo, akatoka na kopo la rangi nyeupe mkono mmoja. Mkono wa pili, beleshi.

Don Eleuterio akasimama kwenye ngazi ya kwanza.

"Rutilio. Unakwenda wapi?"

"Kupaka rangi. Amri ya bosi."

"Msalaba ukishasimama haushuki wala haupakwi, mpaka jengo liishe. Hata wewe unajua, baba yako alikuwa fundi."

"Mzee, pita pembeni."

"Baba yako alianguka wapi, Rutilio? Nyumbani?"

Ndipo beleshi.

Lilipiga upande, kwa ubapa. Kofia ya majani ya Don Eleuterio ikapasuka, na yeye akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Damu ikashuka usoni, ikaingia machoni, ikadondokea shati jeupe alilopigiwa pasi kwa ajili ya siku hiyo. Kofia ngumu hakuna aliyevaa. Ilikuwa sikukuu!

Tarumbeta ikakatika katikati ya wimbo.

"Fundi!" akapiga kelele Chano, yule wa jicho. "Wamemuua fundi!"

Jamani, nimeona vita kwenye sinema. Hii haikuwa sinema. Mafundi nondo waliruka meza. Watu wa stoo wakashika mabomba. Chano alimrukia Rutilio shingoni akamng'ata sikio, na Rutilio akampigiza mgongo ukutani mara mbili, tatu, mpaka akaachia. Ponciano akavunjiwa chupa usoni. Yeye akamchoma mtu mwiko wa kupigia plasta, akauacha umesimama begani. Viti vinaruka. Padri amejificha chini ya meza na bakuli lake.

Na mimi? Mimi nikafanya nini? Nilikuwa narekodi! Mkono mmoja umevimba kama mkate, daftari la ajali nimelibana kwapani, simu juu, napiga kelele, "Ushahidi! Ushahidi!" kama mwendawazimu.

Kiwiko cha mtu kikanipata. Simu ikaruka, ikazunguka hewani vizuri sana, ikatua katikati ya karai la shaba. Ikakaangwa pamoja na nguruwe.

"Acheni!" Injinia Ocaranza anakuja mbio, mikono juu. "Acheni, wageni wanaona!"

Wageni walikuwa wameshajifungia kwenye gari lao.

Mmoja wa stoo akasukumwa, akaliangukia gongo lililoshikilia karai. Karai likainama. Mafuta yakamwagika sakafuni kama mto, yakitoa moshi, na watu wakaruka huku na huku. Ocaranza alikuwa na viatu vipya. Soli laini.

Akateleza. Akajikinga kwa mkono wa kulia, na mkono ukaingia kwenye mafuta yaliyobaki ndani ya karai, mpaka kiwiko.

Sauti ya mkono wa mtu kwenye mafuta ya moto ni ile ile ya nyama. Msiniulize zaidi.

Alipiga ukelele ambao hata waliokuwa wamekabana makoo waliachiana kumsikiliza. Wakamvuta, wakammwagia maji ya pipa, ngozi ikawa inatoka na mkono wa shati. Na yule mtu, nawaapia, katikati ya maumivu yale, akanitafuta mimi kwa macho.

"Andika!" akasema. "Dulce, andika! Ajali ya kazini!"

Nikajifuta pua kwa mkono mzima.

"Nini, injinia?"

"Mkono huu ni wa kazini! Niko eneo la kazi! Andika!"

Mafundi wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, akashindwa, akatema jino.

Nikapiga magoti mbele yake kwenye mafuta yaliyokwisha kupozwa na maji. Nikafungua daftari.

"Nitaandika, injinia. Lakini daftari lina namba. Kabla ya namba yako kuna namba ya mtu mwingine."

"Nani?"

"Unamjua. Fomu yake iko hapa, nimeshaijaza. Tia sahihi kwenye ya Fermín, halafu ndiyo yako. Bila hiyo, mkono huu umeungulia jikoni kwako."

Alinitukana mimi na mama yangu na chuo changu. Chano akasogea na kusimama nyuma yangu, mdomo umejaa damu ya sikio la Rutilio. Ocaranza akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Sahihi ikatoka kama ya mtoto wa chekechea, ila ilikuwa sahihi.

Yake pia niliiandika. Mimi si mnyama.

Gari la wagonjwa walishaliita kwa ajili ya Don Eleuterio. Alikuwa anahema, amefumba macho, kichwa kimefungwa kitambaa cha meza. Nikamtafuta Rutilio. Hakuwepo. Wala kopo la rangi na beleshi havikuwepo.

Sikuwa na muda wa kufikiri. Saa ya stoo ilisoma nane na nusu.

"Mama Obdulia!"

"Panda!" Alikuwa ameshageuza baiskeli.

Nikajipakia mbele, juu ya sufuria la tamale, fomu nimeibana kifuani. Yule mama alikanyaga kama anafukuzwa na moto. Tukakata kona kwa magurudumu mawili.

"Kanyaga, mama!"

"Nakanyaga! Wewe shikilia sufuria!"

"Achana na sufuria!"

"Sufuria ni la marehemu mama yangu, litaanguka litavunja mguu wa mtu, utaandika nini?"

Hata mimi nilicheka. Nikicheka, vidole vinauma, nalia. Watu barabarani wanatupisha wakifanya ishara ya msalaba.

Saa nane na dakika arobaini na nne tuko hospitalini, mbele ya dirisha la bima. Karani wa bima, mama mwenye miwani yenye mnyororo, akaipokea fomu. Ilikuwa na doa la mafuta na doa la damu. Akaisoma yote. Akafungua faili, akatoa nyingine, akaziweka sambamba.

"Dulce Cuautle," akasoma. "Hii ya leo umeandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na hii ya juzi, ya tangi, umeandika wewe?"

"Ndiyo."

"Mtu mmoja, mguu mmoja, mahali pawili. Ipi ya uwongo?"

Obdulia akanishika kiuno kwa nyuma. Sijui alikuwa ananizuia nisianguke au nisikimbie.

"Ya juzi. Niliiandika mimi nikiwa na akili zangu timamu."

"Unajua hilo ni kosa la jinai?"

"Najua. Nimelisomea."

Akanitazama juu ya miwani. Akavuta simu yake, akaongea maneno mawili ambayo sikuyasikia. Kisha akafungua kidau cha wino. Akainua muhuri. Naapa niliuona uko juu, unashuka, umebaki sentimita mbili—

Simu ikalia. Akapokea, muhuri umeshikwa hewani.

"Ndiyo... Coyotl, ndiyo... Ameamka? ... Amesema nini?"

Akaurudisha muhuri mezani.

"Ni wodini. Mgonjwa amepata fahamu. Daktari amemuuliza alivyoumia." Akavua miwani. "Amesema ameanguka nyumbani. Juu ya paa. Akitengeneza tangi."

"Tangi lipi!" Obdulia alipiga yowe. "Tangi lipi, Fermín, mjinga wewe!"

"Maneno ya mgonjwa yanatangulia," akasema karani. "Akibadilisha kauli mbele ya daktari kabla sijafunga dirisha, nagonga. Nafunga saa tisa. Ghorofa ya pili, wodi ya mifupa. Kimbieni!"

Tulikimbia. Muuguzi alitukataza, Obdulia akamsukuma akakalia toroli.

Fermín alikuwa kitanda cha dirishani, mweupe kama chokaa, mguu umevimba unanuka mpaka mlangoni. Alipomwona mkewe akatabasamu.

"Obdulia. Wamekula?"

"Nani?"

"Wenzangu. Nguruwe alikuwa mtamu?"

Mungu wangu! Mtu anakwenda kukatwa mguu, anauliza nguruwe!

"Fermín," nikasema, "mwite daktari umwambie ukweli. Ulianguka kazini. Sherehe imeshakwisha, ubao ni sifuri."

"Sifuri?" Akacheka kidogo, akakunja uso kwa maumivu. "Injinia Kalamu. Wewe ni mwongo, sote tunajua. Ndiyo maana tunakupenda."

Nimepigwa kofi siku ile, nimevunjwa vidole. Hakuna kilichoniuma kama hicho.

"Don Eleuterio amepasuliwa kichwa! Ameandika jina lako nyuma ya msalaba, kwa mkono wake!"

"Nionyeshe."

Nikapeleka mkono mfukoni. Simu iko kwenye karai.

"Unaona?" akasema kwa upole. "Mnataka wenzangu wanyimwe sikukuu kwa ajili ya mguu wangu. Siku mia mbili na kumi na nne! Chano alipoteza jicho akanyamaza, niseme mimi?" Akanyoosha kidole dirishani. "Msalaba ule pale. Umesimama. Msalaba ukiwa umesimama, watu wako salama, sherehe inaendelea. Wewe unanieleza nini?"

Saa ya ukutani: tisa kasoro dakika tano.

Obdulia hakubishana. Alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili akakisukuma, na mume juu yake, mpaka dirishani kabisa.

"Basi tazama," akasema. "Tazama vizuri msalaba wako."

Tukatazama wote watatu. Mitaa minne, ghorofa kumi na nne juu, maua yanapepea. Na chini ya maua, kitu kidogo chekundu kinatembea. Shati. Shati jekundu la sikukuu.

"Nani yule?" Fermín akauliza.

Obdulia akamsogeza karibu zaidi na kioo.

Rangi hakupaka. Nadhani maandishi yalikuwa mengi, au beleshi lilikuwa karibu zaidi. Tuliliona likipanda na kushuka, mara nne, mara tano, bila sauti. Msalaba ukatikisika. Ukainama polepole, kama mtu anayeitwa na jirani. Halafu ukaachia, ukaanguka ukijigeuza hewani, mbele, nyuma, mbele, nyuma, na makaratasi yake yote yanaufuata.

Fermín alikuwa ameushika mkono wangu. Mkono ule ule uliovunjwa vidole. Aliubana, nikamwacha aubane.

"Ameushusha," akasema. "Wameushusha msalaba."

"Ndiyo, Fermín."

"Basi fundi kweli amepasuliwa..."

"Ndiyo."

Akageuka akaziona sura zetu. Akauona mkono wangu, akauachia kama umemchoma. Akautazama mguu wake muda mrefu, nadhani kwa mara ya kwanza.

"Mwite daktari."

Daktari akaja na kalamu mkononi. Saa tisa kasoro dakika mbili. Kule chini nilisikia shata za madirisha zikianza kushushwa, moja moja, kra, kra.

"Bwana Coyotl, naambiwa unataka kusema. Ulianguka wapi?"

Fermín akatazama dirishani, mahali palipokuwa na msalaba. Akamtazama Obdulia. Akafungua mdomo.

Alichosema nilikiandika pale pale, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikubadilisha hata herufi. Karatasi hiyo sinayo. Polisi aliowaita yule mama wa miwani walikuwa wananisubiri mlangoni, wakaichukua pamoja na mimi. Hapa mahabusu nilipo askari wa zamu, kijana mpole, ameniruhusu kalamu mpaka taa zizimwe, na ameshasimama kwenye swichi ananionyesha vidole vitatu, viwili... Kesho akiziwasha nitawaambia mguu ule ulikuwa wa wapi.